Mchezaji Asiye na Kwao: Safari ya Mbunifu Gabriel Guevrekian

Mwezi Juni 1928 wabunifu majengo kutoka nchi mbalimbali za Ulaya walikusanyika katika kasri la La Sarraz, Uswisi, kwa mwaliko wa Hélène de Mandrot, mwenye kasri hilo. Mkutano wao ulizaa CIAM, jumuiya ya kimataifa ya usanifu majengo wa kisasa, iliyodumu hadi 1959 na kuacha alama katika mipango ya miji ya Ulaya, Asia na Afrika. Azimio walilolitoa lina orodha ya majina, na kila jina limeandikiwa mji wake: Le Corbusier, Paris, Ernst May, Frankfurt, Josef Frank, Vienna. Humo yumo pia Gabriel Guevrekian, Paris. Aliuandikisha mji huo kwa haki, maana ndiko alikokuwa akifanya kazi, lakini hakuzaliwa Paris, hakusomea Paris, na miaka mitano baadaye hakuwa tena mkazi wa Paris. Majina mengi ya orodha ile yanafundishwa vyuoni hadi leo. La Guevrekian limebaki katika tanbihi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba alijenga machache mno. Mimi naiona sababu kwingine. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na huyu Mwarmenia aliyefanya kazi Austria, Ufaransa, Iran, Uingereza, Ujerumani na Marekani, kila alikocheza kulikuwa kwa watu. Historia ya usanifu majengo huandikwa nchi kwa nchi, na kila nchi hutunza wa kwake kwanza.

Alizaliwa Constantinople, mji mkuu wa dola ya Osmani, katika familia ya Kiarmenia. Vitabu vingine vinataja mwaka 1892, vingine 1900, na hata pengo hilo ni ushahidi, kwa sababu nchi inayomhesabu mtu kuwa wake huisaka tarehe yake ya kuzaliwa hadi ikaithibitisha. Akiwa bado mtoto familia ilihamia Tehran, na 1910 akaenda Vienna kwa mjomba wake, Alexander Galoustian, ambaye naye alikuwa mbunifu majengo. Ni rahisi kumweka katika kundi la waliokimbia mauaji ya kimbari ya Waarmenia ya 1915, lakini tarehe hazikubali: mwaka huo alikuwa Vienna, akianza masomo. Kilichobadilika kwake mwaka ule ni kwamba njia ya kurudi ilifungwa. Katika vizazi vilivyotangulia, Mwarmenia mwenye kipaji cha ujenzi aliweza kufika kileleni pale pale Constantinople. Ukoo wa Balyan uliwajengea masultani baba kwa mwana, na kasri la Dolmabahçe, lililokamilika 1856, ni kazi ya Garabet Balyan. Guevrekian alikulia katika ulimwengu ambao mlango huo ulikuwa unafungwa mbele ya watu wake, kwa hiyo kazi yake yote ilibidi aitafute ugenini.

Vienna ilimpa shule nzuri. Alisoma Kunstgewerbeschule, chuo cha sanaa na ufundi, chini ya Oskar Strnad, akahitimu 1919, kisha akafanya kazi na Strnad na pia na Josef Hoffmann. Hapo alijifunza jambo ambalo lingeonekana katika kila alichokifanya baadaye: kwamba chumba, samani, ngazi, bustani na taa ni kazi moja ya mkono mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alihamia Paris, akaajiriwa na Robert Mallet-Stevens, akakaa naye hadi 1926. Ni katika miaka hiyo ulipotayarishwa mtaa mdogo wa nyumba za kisasa unaoitwa rue Mallet-Stevens, uliozinduliwa Julai 1927. Mtaa una jina la mwenye ofisi, kama ilivyo desturi ya kazi hii, na siilaumu desturi hiyo. Lakini ifikiriwe inavyomwathiri mgeni. Kijana Mfaransa aliyechora katika ofisi ya mtu mwingine alikuwa na wajomba, wanafunzi wenzake na maofisa wa halmashauri waliomfahamu, na siku akifungua ofisi yake hao ndio wangekuwa wateja wake wa mwanzo. Mgeni hana hao. Jasho lake la miaka minne likiisha chini ya jina la mwingine, huanza upya akiwa mikono mitupu.

Guevrekian hakuanza mikono mitupu kabisa, kwa sababu mwaka 1925 alipata kipande cha ardhi chenye umbo la pembetatu katika uwanja wa Invalides, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris. Inafaa kukaa kidogo hapa, kwani hiki ndicho kitu kilichompa jina. Msimamizi wa bustani za maonyesho, J.C.N. Forestier, alimwomba atengeneze bustani yenye roho ya kisasa na chembe za mapambo ya Kiajemi. Guevrekian alilichukua umbo la pembetatu alilopewa akalirudia kila mahali, kubwa ndani yake ndogo, hadi bustani nzima ikawa hesabu moja inayoonekana kwa macho. Katikati aliweka mabwawa ya pembetatu yaliyopandiana kwa ngazi, na chini ya maji duara za rangi zilizochorwa na rafiki yake Robert Delaunay. Maua yalipandwa kwa vipande vya rangi moja moja vilivyoinamishwa, kila kipande kikitazama upande wake. Pande mbili za bustani zilizungushiwa ukingo mfupi wa vipande vya kioo. Juu ya mabwawa lilining'inia tufe la vioo lililotengenezwa na Louis Barillet, likizungushwa kwa mota ya umeme na kurusha mwanga huku na huku usiku. Mgeni wa maonyesho hakuweza kuingia ndani. Alisimama nje akaitazama kama anavyotazama mchoro ukutani.

Wapo walioibeza bustani ile kwa sababu hiyo hiyo: bustani isiyoingilika, walisema, si bustani. Pingamizi hilo lina uzito, na sidhani linajibika kwa kusema tu kwamba sanaa ina uhuru wake. Jibu lake lipo Hyères, kusini mwa Ufaransa. Charles de Noailles, mwanaume tajiri aliyekuwa akijengewa nyumba na Mallet-Stevens kwenye kilima cha mji huo, aliiona bustani ya 1925 akamwagiza Guevrekian amtengenezee nyingine karibu na nyumba yake. Eneo lilikuwa pembetatu tena, safari hii likiwa limezungukwa na kuta na kusimama kwenye mteremko. Guevrekian alilipanga kwa miraba ya vigae na miraba ya tulipu kama ubao wa drafti, akazipanga kingo za maua kwa mtindo wa meno ya msumeno kandokando ya kuta, na kwenye ncha ya mbali ikasimama sanamu ya mchongaji Jacques Lipchitz iliyozunguka juu ya kiweko chake. Hii iliingilika. Wazo lililokuwa picha tu mjini Paris lilikuwa sasa mahali pa kutembea, penye jua, ukuta na hatua za kupanda. Anayesema Guevrekian alijua kuchora bustani tu, hakujua kuijenga, aende akatazame namna mteremko ule ulivyogeuzwa kuwa sakafu.

Neno Kiajemi katika agizo la Forestier linastahili kufikiriwa. Waandishi wa wakati ule waliipokea bustani ya 1925 kama kitu kutoka Mashariki, na ni kweli kwamba maji yaliyogawanywa kwa mafungu na kuzungushiwa ukuta ni desturi ya kale ya bustani za Uajemi, na kwamba Guevrekian alikulia Tehran. Lakini mkono uliochora ulifunzwa Vienna, na wenzake wa karibu walikuwa wachoraji wa Paris. Mgeni mara nyingi hukaribishwa kwa sharti la kuleta harufu ya atokako. Sharti hilo lilimfungulia mlango, kisha likamwekea mpaka, kwa kuwa aliyesifiwa kwa ugeni wake hahesabiwi miongoni mwa wenyeji inapofika saa ya kugawa kazi kubwa. Hakuna aliyemtazama Guevrekian akafikiria ukumbi wa mji au shule ya serikali ya Ufaransa. Walimfikiria kwa nyumba za matajiri wapenda sanaa. Kubwa kati ya hizo ni nyumba ya Jacques Heim, mbunifu wa mitindo ya mavazi, huko Neuilly-sur-Seine, iliyokamilika yapata 1930, ambamo mapaa bapa yaliyopandiana yaligeuzwa kuwa bustani. Ukiitazama picha yake unaona kwamba bustani ya Hyères haikuwa kazi ya pembeni. Ilikuwa njia yake ya kufikiri juu ya nyumba.

Hapa msomaji makini ataniuliza: mbona Le Corbusier naye alikuwa mgeni? Alizaliwa Uswisi, akahamia Paris, na uraia wa Ufaransa akaupata 1930. Mbona Walter Gropius alikwenda Harvard 1937 na Mies van der Rohe akaenda Chicago 1938, na majina yao yakakua badala ya kufifia? Swali hilo ni zito kuliko yote, na naamini linaiimarisha hoja badala ya kuibomoa. Le Corbusier alihama mara moja tu. Ofisi yake ya mtaa wa Sèvres ilifunguliwa 1924 na alikuwa bado na ofisi hiyo alipofariki 1965. Kwa miaka arobaini kila mchoro, kila barua na kila kijana aliyepita pale vilikusanyika chini ya paa moja, naye akazichapisha kazi zake mwenyewe katika majuzuu yaliyofuatana, na baada yake ikaanzishwa taasisi yenye jina lake. Gropius na Mies walihama wakiwa watu wazima wenye sifa iliyokwisha kujengwa Ujerumani, wakapokelewa kama wakuu wa vyuo na idara. Guevrekian alihama kila mara kabla sifa haijakomaa, akaacha nyuma ofisi, wateja na karatasi. Vitabu viwili alivyovitoa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1930, kimoja juu ya hoteli na sanatoria na kingine juu ya majengo ya viwanda, vilionyesha kazi za wabunifu wengine. Alitumia muda wake kuwatangaza wenzake.

Mwaka 1932 alionekana tena Vienna, safari hii akiwa mwalikwa. Josef Frank aliandaa mtaa wa mfano wa nyumba 70 ndogo, wabunifu wakiwemo Adolf Loos, Hoffmann, Gerrit Rietveld na Richard Neutra, na Guevrekian akapewa nyumba mbili pacha. Ni nyumba za watu wa kipato cha kawaida, zimepangwa kwa uangalifu, hazina tufe la vioo wala sanamu inayozunguka. Anayemshutumu kwa kuwatumikia matajiri peke yao azihesabu na hizi.

Mwaka uliofuata alikwenda Tehran. Kazi za ujenzi zilikuwa zimepungua Ufaransa kwa mdororo wa uchumi, na serikali ya mfalme Reza Shah ilikuwa ikiwaita wataalamu wajenge wizara, mahakama na shule. Kati ya 1933 na 1937 Guevrekian alisanifu majengo ya serikali, likiwemo jengo kubwa la mahakama la Tehran, pamoja na nyumba za familia za tabaka jipya la maofisa na wafanyabiashara: kuta nyeupe, paa bapa, roshani ndefu. Kwa wingi wa kazi, hakuna mji uliompa zaidi. Lakini hapa lipo pingamizi la kimaadili. Reza Shah alibomoa ngome na malango ya zamani ya Tehran ili apitishe barabara zilizonyooka, na utawala wake haukuvumilia sauti ya kupinga. Je, mbunifu aliyechora jengo la mahakama kwa utawala wa namna hiyo hana lawama? Anayo sehemu yake, na sitaki kuifuta. Naongeza tu kwamba lawama hiyo ni ya kizazi kizima cha wabunifu waliozitumikia dola zilizojenga haraka, wakiwemo wenyeji, na kwamba jengo lililochorwa kwa agizo la mfalme linaweza kuwatumikia raia muda mrefu baada ya mfalme kuondolewa, kama Reza Shah alivyoondolewa 1941. Mtu akihukumiwa kwa hilo na ahukumiwe, ila asisahauliwe kwa kisingizio hicho wakati waliokuwa pamoja naye wanakumbukwa.

Maana waliokuwa pamoja naye wanakumbukwa kweli. Vartan Hovanessian, Mwarmenia mwenzake mzaliwa wa Tabriz, alirudi kutoka Paris katikati ya miaka ya 1930, akabaki Tehran, na historia ya usanifu majengo wa kisasa wa Iran haiwezi kuandikwa bila yeye. Tofauti yao kubwa ni kubaki. Mardiros Altounian, Mwarmenia mwingine aliyesomea Paris, alitulia Beirut, na jengo la bunge la Lebanon alilolisanifu, la 1934, Walebanon wanalihesabu kuwa lao. Alexander Tamanian alizaliwa kusini mwa Urusi, akafanya kazi St. Petersburg, kisha akaenda Yerevan na kuuchorea mji huo ramani kuu ya 1924; Armenia imemjengea sanamu na sura yake ikawekwa kwenye noti ya dram 500. Watu hawa walikuwa na vipaji, sina ubishi. Lakini kipaji hakielezi kwa nini yule aliyekuwa La Sarraz hana sanamu Paris, wala Tehran, wala Vienna. Kila mmoja wa hawa watatu aliupa mji mmoja maisha yake, na mji ukamlipa.

Ushahidi mwingine uko karibu nasi. Ernst May, aliyesaini azimio lile lile la La Sarraz kwa mji wa Frankfurt, aliingia Tanganyika mwaka 1934 baada ya Ujerumani ya Hitler kumfungia mlango, akalima, kisha akafungua ofisi Nairobi. Aliandaa mpango wa kuipanua Kampala upande wa Kololo na Naguru, akasanifu hoteli ya Oceanic ya Mombasa na kituo cha utamaduni cha Wachagga mjini Moshi, akarudi Ujerumani miaka ya 1950. Alikaa Afrika Mashariki karibu miaka ishirini, mara nne ya ile aliyoitumia kujenga mitaa mipya ya Frankfurt, lakini vitabu vingi vinamtaja kwa Frankfurt, na Afrika inapewa kurasa chache za mwishoni. Alibahatika kuwa na Frankfurt. Ukimwondolea mji huo, ukamwachia safari peke yake, utapata mtu aliye katika hali ya Guevrekian.

Mwaka 1937 Guevrekian alihamia London, na 1940 akarudi Ufaransa, ambako hakukubali kufanya kazi chini ya serikali ya Vichy na Wajerumani. Yaliyofuata yanaelezeka kwa haraka kwa sababu vita vilikula miaka ambayo mbunifu mwingine angekuwa katika kilele chake. Mwaka 1946 alikuwa Saarbrücken, mji wa Ujerumani uliokuwa chini ya Wafaransa, akifundisha. Mwaka 1948 alivuka bahari hadi Auburn, Alabama, na mwaka mmoja baadaye akaajiriwa Chuo Kikuu cha Illinois huko Urbana, alikofundisha hadi 1969. Uraia wa Marekani aliupata 1955. Alifariki 1970 Antibes, kwenye pwani ile ile ya kusini mwa Ufaransa ilipo Hyères.

Wanaoandika juu yake huiona miaka ya Illinois kama machweo: mtu aliyekaa meza moja na Le Corbusier amemalizia maisha katikati ya mashamba ya mahindi, akisahihisha michoro ya vijana. Sikubaliani nao. Mwaka 1930 mbunifu mandhari wa Marekani, Fletcher Steele, alikuwa ameandika katika jarida la fani yake kuhusu bustani mpya za Ufaransa, ya Guevrekian ikiwemo, na maandishi yake yakasomwa na Garrett Eckbo, Dan Kiley na James Rose, vijana watatu wa Harvard walioibadilisha sanaa ya bustani Marekani katika miaka ya mwisho ya 1930. Bustani ilitangulia, mwenye bustani akafuata miaka kumi na nane baadaye, na alipofika hakupewa kufundisha juu ya alichokianzisha. Alifundisha kuchora majengo. Waliotangaza kwamba usanifu wa kisasa hauna mipaka ya nchi walikuwa wamekutana La Sarraz naye akiwamo. Kati yao wote ni yeye aliyeishi maneno hayo kikamilifu zaidi, kutoka Vienna hadi Tehran hadi Illinois, na ndiye ambaye vitabu vya Ufaransa vinamwachia vya Iran, vya Iran vinamwachia vya Austria, na vya Marekani vinamtaja kama mwalimu aliyetoka Ulaya. Kazi inayobaki ni ya kuziweka ramani za Neuilly, Vienna na Tehran kwenye meza moja na kuzisoma pamoja, roshani kwa roshani na ngazi kwa ngazi, kama kazi ya mkono mmoja.